Somo la Afya: Moto Ndani ya Ini

Mwezi huu somo letu la afya linahusu ini na pombe. Tunajua kuna wengine ambao wakiona neno pombe watageuza ukurasa, wakidhani tumeanza tena kuwagombeza walevi. Hapana. Kugombeza tumekusikia katika makambi yote tuliyopitia tangu tuvuke ziwa, na bado hatujaona mtu ambaye ini lake lilipona kwa kugombezwa. Tunataka kueleza jambo moja ambalo hata sisi wa kamati ya afya hatukulielewa vizuri mpaka tulipolisoma na kuwauliza waganga wenye ujuzi: pombe haiharibu ini kwa mkono wake peke yake. Sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na moto ambao mwili wenyewe huuwasha ukijaribu kujilinda.

Kilichotusukuma kuandika ni msiba. Wengi mnamkumbuka ndugu yetu fundi wa matofali tuliyemzika kabla mvua hazijaanza. Alikuwa na miaka 38. Kwa wiki chache za mwisho macho yake yaligeuka rangi ya manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, na jioni alikuwa na homa. Kwenye matanga tulisikia kila neno. Mmoja alisema amelishwa sumu, mwingine akataja karuho, na wengine wakamtazama mke wake kwa jicho baya, eti ndiye aliyempikia. Mama yule alikaa pembeni ya moto usiku mzima, hakuna aliyemsogelea. Jambo hilo lilituuma kuliko kifo chenyewe.

Fundi alipokuwa bado anaweza kuongea alituambia hivi: "Mimi sijawahi kulewa. Hakuna aliyeniona nimelala njiani." Na ni kweli. Alikuwa mtu wa kazi, asubuhi yuko kwenye tanuru kabla ya jua. Lakini kila jioni, kwa miaka zaidi ya kumi, alikunywa waragi yake chupa moja, wakati mwingine moja na nusu, akala kidogo, akalala. Kwa macho ya jirani hakuwa mlevi. Ini lake lilikuwa linahesabu kitu kingine.

Mwiba mguuni

Hebu tuanze na jambo ambalo kila mmoja amelipata. Umeenda shambani bila viatu, mwiba umeingia mguuni. Kesho yake mahali pale pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba, panauma. Alama hizi nne ziliandikwa na Mrumi mmoja aitwaye Celsus katika karne ya kwanza, na hadi leo wanafunzi wa udaktari huzisoma. Kwa Kiswahili cha vitabuni hali hiyo huitwa mchochota. Sisi katika somo hili tutaiita moto, kwa sababu neno hilo halihitaji kamusi.

Moto huo haukuwashwa na mwiba. Umewashwa na mwili wako. Mwili umeona adui ameingia, ukapanua mishipa ili damu ije kwa wingi, ukatuma askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, waje kuua vijidudu na kusafisha takataka. Askari hao wana silaha kali. Wanamwaga dawa za kuua ambazo haziulizi nani adui na nani raia, kwa hiyo nyama ya jirani nayo huumia kidogo. Sisi tuliotoka Ituri na Kivu hatuhitaji kufundishwa habari ya walinzi wanaokuja kulinda kijiji na kukiacha kimeungua.

Mwiba ukitolewa, askari wanarudi kambini, kidonda kinafunga, kinabaki kikovu kidogo. Hivyo ndivyo moto huu ulivyokusudiwa, uwake siku chache uzimike. Shida huja pale ambapo mwiba unaingizwa upya kila jioni.

Ini na kazi yake

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na hakuna kiungo cha ndani kinacholizidi kwa ukubwa. Kwa lugha yetu mtu akikuumiza sana unasema amekukata maini, na wazee walioanzisha msemo huo walijua wanachosema.

Damu nyingi inayoingia kwenye ini, kama robo tatu, haitoki moja kwa moja moyoni. Inatoka matumboni. Sehemu kubwa ya unachokula na kunywa inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda mahali pengine, kama mgeni anavyopita kwenye ofisi ya kuandikishwa kabla hajapewa kiwanja. Ini linachuja, linahifadhi sukari, linatengeneza nyongo, linatengeneza vitu vya kugandisha damu ili jeraha lisitiririke, na linaondoa sumu.

Pombe ikifika hapo, ini linaanza kuivunja. Kwanza linaigeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho ni sumu kuliko pombe yenyewe, kisha linakigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Mtu akinywa kidogo na mara chache, kazi hiyo inakwisha. Akinywa nyingi kila siku, sumu ile ya katikati inajirundika na kuumiza chembe za ini.

Nyingi ni kiasi gani? Hapa tuwe makini, maana ndipo fundi wetu alipodanganyika. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe halisi. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200 yenye nguvu ya asilimia 40 ina kama gramu 63. Ni zaidi ya bia tatu kubwa ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilipiga marufuku vifuko vya plastiki vya pombe, na kipimo kidogo kinachoruhusiwa kikawa hiyo chupa ya mililita 200. Wengi waliokuwa wakinywa kifuko kimoja sasa wanamaliza chupa nzima kwa sababu, wanasema, ikishafunguliwa haina maana kuirudisha. Na waragi ya kupikwa nyumbani, lotoko au kanyanga, haina karatasi ya kukuambia nguvu yake.

Kati ya watu wanaofikisha gramu 60 kila siku, karibu tisa katika kumi hupata mafuta ndani ya ini. Akina mama huumia kwa kiasi kidogo zaidi kuliko akina baba, na huumia mapema. Tunalisema hili kwa kuwa wanaopika pombe huonja, na kuonja mara kumi ni kunywa.

Mafuta kwanza

Ini lenye mafuta haliumi, na mwenyewe hana habari. Pengine anaona tumbo la upande wa kuume ni zito kidogo baada ya kula. Lakini hatua hii ina habari njema, maana mtu akiacha pombe mafuta hayo huondoka ndani ya wiki chache tu. Katika safari yote ya ugonjwa huu hakuna mahali pengine ambapo kurudi nyuma ni rahisi namna hiyo, na ndipo ambapo karibu hakuna mtu anayerudi, kwa sababu hajisikii mgonjwa.

Ukuta unaovuja

Sasa tufike kwenye moto wenyewe. Ndani ya utumbo wa kila mtu mnaishi vijidudu vingi sana kupita hesabu. Kwa kawaida hawatudhuru, kwa sababu ukuta wa utumbo unawazuia wasiingie kwenye damu. Pombe nyingi ya kila siku hulegeza ukuta huo. Viungio kati ya chembe na chembe vinaachana, na vipande vya vijidudu, hasa maganda yao, vinapenya na kuingia katika ile damu inayokwenda kwenye ini.

Ndani ya ini kuna walinzi wa lango. Wanaitwa chembe za Kupffer, kwa jina la mtaalamu Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer aliyezieleza mwaka 1876. Kazi yao ni kukaa kwenye vijia vya damu na kumeza kila kisichofaa. Juu ya ngozi yao wana kitu kama kengele, ambacho kikiguswa na ganda la kijidudu kinalia. Jinsi kengele hiyo inavyotambua maganda ya vijidudu iligunduliwa mwaka 1998 na Mmarekani Bruce Beutler pamoja na wenzake, na mwaka 2011 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Kengele ikilia, mlinzi hatulii. Anatoa ujumbe kwa njia ya damu kuita askari: njooni, tumevamiwa. Askari wanafika kwa wingi, wanaingia kati ya chembe za ini na kumwaga silaha zao. Chembe za ini, ambazo tayari zimejaa mafuta na zimeumizwa na sumu ya pombe, zinakufa. Chembe iliyokufa nayo inapasuka na kumwaga vitu vyake nje, na vitu hivyo vinagonga kengele upya. Kwa hiyo moto unaitana na moto. Adui wa kweli hakuwepo. Yalikuwa ni maganda tu, na mlango ulioachwa wazi.

Kama mtu anakunywa leo, kesho na keshokutwa, ukuta haupati nafasi ya kuziba. Moto unawaka chini chini miaka mingi kama makaa chini ya majivu. Hauna wekundu unaouona, wala hauumi kama mwiba. Ini lina ganda la nje linaloweza kuuma, lakini ndani halina hisia za maumivu. Ndiyo maana mtu anasema "mimi sijisikii chochote" na anasema kweli.

Makovu

Mahali palipoungua mwili hujaribu kupaziba. Kuna chembe nyingine ndani ya ini ambazo katika siku za amani huhifadhi vitamini A. Moto ukiwaka muda mrefu, chembe hizo hubadilika na kuanza kusuka nyuzi ngumu, yaani kovu. Kovu moja si neno. Makovu yakijazana, ini linakuwa gumu lenye vinundu, na damu inayotoka matumboni inashindwa kupita. Hali hii huitwa sirosisi.

Damu isiyopata njia hutafuta njia za pembeni. Inapanua mishipa ya koo la chakula, nayo ikipasuka mtu hutapika damu. Maji yanavuja na kujaa tumboni. Uchafu ambao ini lilikuwa likiuondoa unafika kwenye ubongo, na mtu anaanza kusahau, anachanganya usiku na mchana, mikono inapigapiga kama bawa. Tumewahi kuletewa mama wa namna hiyo ili aombewe kwa kuwa ana pepo. Tuliomba, na tukampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Tunaomba viongozi wa vikundi wafanye yote mawili, wala wasiache la pili lingoje la kwanza.

Si kila mnywaji hufika hapa. Katika wale wanaokunywa sana kwa miaka mingi, ni kati ya mmoja na wawili katika kila kumi wanaopata sirosisi. Kuna tofauti za kurithi, za chakula, za uzito wa mwili, na za magonjwa mengine. Ndiyo maana kila kijiji kina mzee aliyekunywa kasiksi hadi uzeeni na bado analima. Watu humtaja mzee huyo kila tunapofundisha somo hili. Wale waliokufa wakiwa na miaka 38 hakuna anayewataja, kwa sababu hawapo kwenye kibaraza kubishana nasi.

Moto unapolipuka

Wakati mwingine makaa yanalipuka ghafla. Mtu aliyekuwa akinywa sana, labda ameongeza kiasi kwa sababu ya huzuni au baada ya mavuno, anaamka macho ni ya manjano. Ana homa, ini limevimba na linauma ukiligusa, hana hamu ya chakula, nyama ya mwilini inayeyuka. Hii ni homa ya ini ya pombe. Haiambukizi. Narudia kwa niaba ya kamati nzima: haiambukizi, msimtengee sahani. Na si homa ya manjano ile inayoletwa na mbu, ingawa macho yanafanana.

Homa ya ini ya pombe ikiwa kali, wagonjwa watatu hadi watano katika kila kumi hufariki ndani ya miezi mitatu. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa fundi wetu. Hakuna aliyemwekea sumu.

Madaktari walifikiri hivi: kama moto ndio unaoua, tuuzime. Wazo hilo lina akili. Huko Ufaransa walijaribu dawa kali inayonyamazisha mmoja wa wale wajumbe wanaoita askari, na mwaka 2004 wakatoa habari kwamba utafiti ulisimamishwa mapema, kwa sababu waliopewa dawa hiyo walishambuliwa sana na vijidudu na vifo vilikuwa vingi upande wao. Baadaye Uingereza walifanya jaribio kubwa katika hospitali 65, wagonjwa zaidi ya 1,100, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Walitumia prednisoloni, dawa ya zamani ya kutuliza moto wa mwili. Katika siku 28 za kwanza, waliopewa dawa hiyo peke yake walikufa 14 katika kila mia, na wale wasiopewa dawa yoyote ya kweli 17 katika kila mia. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa, na baada ya miezi mitatu hakukuwa na faida iliyoonekana. Waliotumia dawa walipata maambukizi zaidi. Hospitalini bado huitumia kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, kwa muda mfupi, lakini si dawa ya kununua dukani na kujipimia.

Kwa nini ilishindikana? Kwa sababu moto ule ule unaounguza ini ndio unaolinda mwili. Ukiwafukuza askari wote, kijiji kinabaki wazi, na mgonjwa wa ini mara nyingi hufa kwa vijidudu vya mapafu, vya mkojo au vya yale maji ya tumboni. Basi mgonjwa mwenye tumbo la maji akipata homa, au tumbo likianza kuuma, asingoje Jumatatu. Apandishwe boda siku hiyo hiyo.

Kinachobaki ni kuondoa kuni. Ukuta wa utumbo huanza kujiziba pombe inapoacha kuja, kengele zinapungua kulia, na ini, ambalo lina uwezo wa kuota tena kuliko viungo vingi, linapata nafasi. Hata mwenye sirosisi akiacha, huishi muda mrefu kuliko asiyeacha. Sio kila kovu litafutika, lakini moto ukizimika, makovu mapya hayasukwi. Kwa hiyo neno "umechelewa" lisisemwe kwa mgonjwa yeyote.

Tulivyokosea sisi wenyewe

Hapa tunapaswa kukiri. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alikuja kwetu akilia, akasema anataka kuacha waragi. Tulifurahi. Tukamweka kwenye chumba nyuma ya kanisa, tukafunga pamoja naye, siku tatu bila chakula wala pombe. Siku ya kwanza alitetemeka, tukasema ni kawaida. Siku ya pili usiku alianza kuona wadudu ukutani, akajikunja, macho yakageuka, akaanguka kifafa. Tukakemea. Bahati njema dada mmoja aliyesomea uuguzi Bunia alipita, akatufokea, na kijana akabebwa hadi kituo cha afya. Yuko hai, na anaruhusu tuliandike hili bila jina lake.

Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku hauwezi kunyimwa ghafla bila uangalizi. Kutetemeka huanza saa sita hadi ishirini na nne baada ya kuacha, na hatari kubwa huwa siku ya pili na ya tatu. Kuna dawa za kutuliza hali hiyo, na mgonjwa hupewa pia vitamini B1. Kwa hiyo anayekunywa tangu asubuhi, au anayetetemeka asipopata, aache, ndiyo, lakini aachie mikononi mwa mganga. Na asifungishwe chakula.

Habari ya chakula ni kubwa. Mgonjwa wa ini hukonda haraka, na aliyekonda sana hufa upesi. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa maharage, mayai na samaki, na bado tunasikia ushauri huo. Umepitwa na wakati. Wanahitaji vyakula vya kujenga mwili kuliko mtu mzima mwenye afya: maharage, dagaa au mukene kama wenyeji wanavyoita, yai likipatikana, karanga. Wale mara nyingi kidogo kidogo, na kabla ya kulala wanywe uji, kwa sababu ini lililochoka haliwezi kuhifadhi sukari ya kuvusha usiku mrefu. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi. Tunajua posho imepunguzwa na sahani ni nyepesi. Lakini familia ikijua kwamba uji wa saa tatu usiku ni dawa, kikombe hicho hakitakosekana kwa kudharauliwa. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, hata kama ni machache, kwa sababu ukungu huo una sumu inayoleta saratani ya ini.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya kwa mwenye sirosisi, huumiza figo na kuleta damu. Parasetamo inafaa zaidi, lakini kwa kipimo kidogo, isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, na mganga awe amekubali. Dawa za mizizi tusizozijua tuziache. Ini ndilo linalopaswa kuzivunja, nalo limechoka.

Si kila tumbo ni pombe

Tukishajua haya tusije tukageuka mahakimu wapya. Hapa Kyangwali tuko jirani na Ziwa Albert, na wengi wetu tumevua au kuoga huko. Kichocho cha tumbo kiko kwenye ziwa hilo. Mayai ya minyoo yake huingia kwenye ini, mwili unawasha moto ule ule, unasuka makovu, na mtu anatapika damu au tumbo linajaa maji bila kuwahi kuonja pombe. Kuna pia homa ya ini B, ambayo wengi huipata utotoni na kukaa nayo bila kujua. Mwenye kirusi hicho akinywa pombe, mioto miwili inakutana. Kipimo chake ni tone la damu. Watoto wetu hupata kinga yake katika zile sindano za utotoni, Uganda ikiwa imeianza mwaka 2002. Mwenye kadi isiyokamilika aipeleke.

Kwa akina mama wanaopika

Tunamaliza na jambo tulilotaka kuliruka. Katika kanisa letu wapo akina mama wanaopika waragi na kasiksi, na ada ya shule ya watoto inatoka kwenye pipa hilo. Wengine walishapewa barua ya kutengwa wakati fulani, na watoto wakaacha shule muhula ule ule. Kamati haikubaliani yenyewe kwa yenyewe. Wengine wetu wanasema apikaye na anywaye ni mamoja. Wengine wanasema anayetoa barua ya kutengwa atoe na mtaji wa kuuza sabuni. Tumeamua kuliandika bila kulimaliza.

Tunaomba vikundi vya Jumatano vijadili mambo haya: ni nani katika ukoo wako anayekunywa kila jioni bila kulewa, na ungeanzaje kumwambia? Mama aliyefiwa namna ile angesaidiwa vipi usiku wa matanga? Na akina mama wanaopika, kikundi chenu cha akiba kinaweza kuwakopesha kiasi gani ili waanze kazi nyingine, wangapi kwa muhula? Leteni majibu kwa katibu. Dada muuguzi atakuwa chini ya mwembe baada ya ibada ya pili kwa wanaotaka kuuliza faraghani, na hatauliza jina.